Paka jike afungwe kizazi kabla ya joto la kwanza, si baada ya kuzaa

Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya msomaji mwenzangu aliyewashauri wafugaji kwamba paka jike aachwe azae walau mara moja ndipo apelekwe kwa daktari wa mifugo kufungwa kizazi, yaani kuondolewa ovari (vifuko vya mayai) kwa upasuaji, kwa hoja kwamba uzazi wa kwanza humkomaza na kumpa utulivu. Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu kwa heshima, kwa sababu ushauri huo umeenea, hutolewa kwa nia njema, na ndio unaowapitishia wengi wakati unaofaa bila wao kujua. Maoni yangu ni kwamba paka wa nyumbani mwenye afya njema anafaa kufungwa kizazi akiwa na umri wa miezi minne hadi mitano, yaani kabla hajaingia joto, ile hali ya kutaka dume, hata mara moja, na kwamba anayetaka kuchelewesha zaidi ya hapo ndiye anayepaswa kutoa sababu.

Nianze na mwili wa paka mwenyewe. Paka jike anaweza kuingia joto la kwanza akiwa na miezi minne tu, ingawa wengi hufikia hatua hiyo kati ya mwezi wa tano na wa tisa. Uzito una nafasi yake, kwa kuwa wengi hubalehe wanapokaribia kilo 2.3 hadi 2.5, nasaba nayo ina nafasi yake, kwa kuwa paka wa Siamese huwahi na wale wa Kiajemi wenye manyoya marefu huchelewa. Jambo la tatu, ambalo wafugaji wengi hawalitilii maanani, ni mwanga. Mchana unapokuwa mrefu, ubongo wa paka hupunguza homoni ya melatonini na ovari huanza kazi. Mchana unapofupika, ovari hutulia. Ndiyo sababu katika nchi zilizo mbali na ikweta paka hupumzika wakati wa majira ya baridi, ilhali wanaoishi karibu na ikweta, pamoja na wale wanaokaa ndani ya nyumba zenye taa hadi usiku wa manane, wanaweza kuingia joto mwezi wowote wa mwaka. Kwa paka wa namna hiyo hakuna msimu ambao mwenye nyumba anaweza kusema ametulia na ana nafasi ya kusubiri.

Tena paka ana tabia ya uzazi inayomtofautisha na wanyama wengi tuliowazoea: kwa kawaida yai lake halitoki mpaka apandwe. Asipopandwa, joto hupoa kwa siku chache kisha hurudi, mara nyingi baada ya wiki mbili au tatu, na huweza kurudi hivyo mfululizo kwa miezi. Akipandwa, uwezekano wa kushika mimba ni mkubwa, na mimba hiyo huchukua takriban siku 63 hadi 65. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: paka aliyepandwa akiwa na miezi mitano atazaa akiwa na miezi saba na siku chache, wakati mifupa yake bado inarefuka na mwili wake bado unadai chakula kwa ajili ya kukua kwake mwenyewe. Anaweza pia kuingia joto jipya akiwa bado ananyonyesha, kwa hiyo mpango wa kumwacha azae mara moja tu huweza kugeuka mimba mbili kabla mwenye paka hajapanga siku ya kwenda kwa daktari. Ni vizuri pia kukumbuka kwamba ndugu wa tumbo moja hawaheshimiani kwa udugu. Dume aliyezaliwa naye siku moja atampanda bila kusita mara tu anapobalehe.

Dalili za joto nazo huwapotosha watu. Paka hulia kwa sauti ndefu mchana na usiku, hujigaragaza sakafuni, hujisugua kwenye miguu ya watu na ya viti, na anapopapaswa mgongoni huinua kiuno na kupeleka mkia pembeni. Asiyewahi kuyaona hayo hudhani paka ana maumivu ya tumbo au ameteguka nyonga, akaomba dawa. Hakuna damu inayotoka kama kwa mbwa, hivyo hakuna alama iliyo wazi ya kumtahadharisha mwenye nyumba.

Sasa nije kwenye miezi sita, umri ambao wengi wetu tumeukariri na ambao bado hutajwa kama kanuni. Umri huo ni mazoea yaliyorithiwa kutoka karne iliyopita, wakati nusukaputi kwa wanyama wadogo ilikuwa ya kubahatisha zaidi na daktari alipendelea mnyama aliyekwisha kukua. Haukuchaguliwa kwa kulinganisha paka waliofanyiwa upasuaji mapema na waliochelewa. Ulinganisho huo ulipokuja kufanywa, wataalamu walianza kushusha umri. Mwaka 2016 jopo la madaktari wa wanyama nchini Marekani lililokutana kwa ajili ya suala hili lilipendekeza paka afungwe kizazi kabla ya kutimiza miezi mitano, na mwaka 2017 chama kikuu cha madaktari wa wanyama cha nchi hiyo kiliunga mkono pendekezo hilo. Nchini Uingereza mashirika yanayoshughulikia afya ya paka yamekuwa yakitaja miezi minne kwa paka wa nyumbani. Sheria nazo zimeingia: Uhispania, kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2023, inataka paka wa nyumbani wafungwe kizazi kabla ya miezi sita isipokuwa wale waliosajiliwa kwa uzalishaji, na katika jimbo la mji mkuu wa Australia kikomo ni miezi mitatu. Nchi hizi zinatofautiana kwa miezi, lakini hakuna hata moja inayosema paka azae kwanza.

Hoja ya kwamba kuzaa mara moja humletea paka afya au utulivu haina msingi wa kitabibu niliowahi kuuona ukitetewa na daktari. Ushahidi unaelekea upande wa pili, na ulio mzito zaidi unahusu saratani ya matiti. Uvimbe wa matiti kwa paka si jambo la kupuuza, kwa kuwa takriban asilimia 85 hadi 90 ya uvimbe huo ni saratani yenye kusambaa, tofauti na mbwa ambaye karibu nusu ya uvimbe wake huwa hauna madhara makubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulilinganisha paka waliougua saratani hiyo na wasiougua, ukaona kwamba waliofungwa kizazi kabla ya miezi sita walikuwa na hatari iliyopungua kwa asilimia 91 kuliko wasiofungwa, na waliofungwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja hatari yao ilipungua kwa asilimia 86. Kwa waliofungwa kati ya mwezi wa 13 na wa 24, punguzo lilikuwa asilimia 11 tu, na baada ya miaka miwili halikuonekana punguzo lolote. Ni kweli kwamba takwimu hizi zinalinganisha hatari ya kundi moja na ya jingine, wala hazina maana kwamba kila paka asiyefungwa ataugua. Hata hivyo, mporomoko kutoka 86 hadi 11 ni wa kutisha, na unaonyesha kwamba kinga hii hujengwa katika mwaka wa kwanza wa maisha, basi. Anayemngoja paka azae, alee, aachishe, kisha apumzike, huwa ametumia sehemu kubwa ya mwaka huo.

Kuna pia ugonjwa wa usaha ndani ya mfuko wa uzazi, ambao humpata jike asiyefungwa, hasa baada ya umri kwenda au baada ya kupewa homoni. Ugonjwa huu huua haraka, na tiba yake ya uhakika ni upasuaji uleule uliokwepwa awali, safari hii ukifanywa kwa mnyama mwenye homa na sumu mwilini. Hapo niongeze neno moja kuhusu vidonge na sindano za kuzuia joto, ambazo baadhi ya watu huzitumia ili kusogeza mbele siku ya upasuaji. Dawa hizo ni za jamii ya projestini, yaani homoni za kutengenezwa zinazoiga ile ya mimba, na matumizi yake kwa paka yamehusishwa na uvimbe wa matiti, usaha wa mfuko wa uzazi na kisukari. Kununua muda kwa dawa zinazoleta magonjwa yaleyale ambayo upasuaji huyazuia ni biashara ya hasara.

Nisingetenda haki kama ningeacha hofu za upande wa pili, kwa sababu baadhi yake zina ukweli ndani yake. Hofu ya kwanza ni nusukaputi. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, akiba yake ya sukari ni ndogo, na damu yake ni kidogo kiasi kwamba tone ambalo kwa paka mkubwa si kitu, kwake lina maana. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika kliniki za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba paka wenye afya njema waliokufa kutokana na nusukaputi walikuwa takriban asilimia 0.11, sawa na paka mmoja katika kila 900 hivi, na kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye uzito usiofika kilo 2 na kwa wanene kupita kiasi. Ndiyo maana sishabikii kumpeleka paka wa nyumbani mezani akiwa na wiki nane. Makazi ya wanyama wasio na wenyewe hufanya hivyo, mara nyingi kwa paka aliyefika kilo 1, na yana sababu ya haki: mnyama akishatoka pale akiwa hajafungwa, hakuna hakika kwamba mwenye kumchukua atamrudisha. Lakini anayemfuga paka wake ndani, chini ya macho yake, hana dharura hiyo. Anaweza kusubiri hadi miezi minne, wakati paka wengi wamekaribia kilo 2, chanjo zao za awali zimekamilika au zinakamilika, na ini na figo zao zinamudu vizuri zaidi kuondoa dawa mwilini.

Uchunguzi huohuo ulitoa jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lina faida kwa mfugaji kuliko mabishano ya umri: kufuatilia mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni wakati paka amelala kulihusishwa na kupungua kwa vifo. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "unapasua paka wa umri gani" peke yake. Aulizwe kama paka atapimwa uzito asubuhi ile ile ili dawa zipimwe kwa usahihi, kama kuna kifaa cha kufuatilia mapigo na oksijeni, paka atatiwa joto vipi wakati wa upasuaji na baada yake, na atapewa dawa gani ya maumivu. Aulizwe pia kuhusu kufunga chakula. Paka mkubwa hunyimwa chakula tangu usiku, na wapo watu wanaomfanyia vivyo hivyo mwenye miezi minne. Huo ni mkosi wa kujitakia, kwa kuwa sukari yake huweza kushuka kabla hajaguswa na kisu. Kwa paka wa umri huo saa chache tu, kama mbili hadi nne, kwa kawaida zinatosha, na alishwe kidogo mara anapozinduka vizuri. Upasuaji wenyewe kwa mdogo huwa mfupi, kwa sababu mafuta ya tumboni ni machache na mishipa ya ovari ni myembamba, na wengi huamka na kutembea mapema kuliko paka wazima.

Hofu ya pili ni kwamba paka atadumaa. Hali ni kinyume chake. Homoni za uzazi ndizo zinazoamuru ncha za mifupa zifunge, kwa hiyo paka aliyefungwa kizazi mapema mifupa yake huendelea kurefuka kwa muda zaidi, na huweza kuwa mrefu kidogo kuliko ndugu yake. Kuchelewa huko kumetajwa kuhusiana na kuvunjika kwa kichwa cha mfupa wa paja, lakini tatizo hilo huonekana zaidi kwa madume walionenepa, na unene ni jambo ambalo liko mikononi mwa anayejaza sahani.

Hapo kwenye sahani ndipo penye gharama halisi ya upasuaji huu, na wanaoutetea hawaisemi vya kutosha. Baada ya kufungwa kizazi, mahitaji ya nguvu ya paka hushuka, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30, na wakati huohuo hamu yake ya kula hupanda. Paka mwenye miezi mitano bado anakua, hivyo hapaswi kubanwa chakula ghafla, lakini mwenye kumlisha aanze kupima kipimo badala ya kuacha bakuli limejaa kutwa, na ampime uzito kila mwezi hadi atakapotimiza mwaka. Unene huleta kisukari na maumivu ya viungo uzeeni. Sioni kwamba hii ni sababu ya kuahirisha, kwa kuwa aliyefungwa akiwa na mwaka mmoja naye hunenepa vilevile.

Kuhusu tabia, ambayo ndiyo nguzo ya hoja ya msomaji mwenzangu, upo utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliofuatilia paka 1,660 waliochukuliwa kutoka makazi ya wanyama nchini Marekani. Waliofanyiwa upasuaji kabla ya miezi mitano na nusu hawakufa zaidi wala hawakurudishwa zaidi na waliowachukua. Pumu, ugonjwa wa fizi na utundu uliopindukia vilipungua kwao, ingawa woga mbele ya wageni uliongezeka. Woga huo nauandika hapa kwa makusudi, kwani mwenye kutaka paka wa kumkaribisha kila anayebisha hodi anapaswa kujua, lakini malezi ya wiki za kwanza, yaani kuzoeshwa mikono ya watu kati ya wiki ya pili na ya saba, yana nguvu kubwa zaidi katika jambo hilo. Utulivu anaousifu msomaji kwa paka aliyezaa unaelezeka kirahisi: paka mwenye mimba au anayenyonyesha huwa nje ya joto kwa kipindi, kisha huanza kulia upya.

Wapo ambao kwao miezi minne haifai, na daktari mwangalifu atawaambia wasubiri. Paka mwenye mafua ya macho na pua, anayeharisha, mwenye tumbo lililojaa minyoo, ambaye moyo wake unasikika ukivuma, au ambaye hajafika uzito, atibiwe kwanza na apewe wiki za kupata nguvu. Wakati huo wote awe ndani, mbali na dume yeyote, ndugu zake wakiwemo. Mwenye paka wa nasaba aliyesajiliwa kwa uzalishaji ana mpango tofauti, na barua hii haimhusu.

Mara nyingi umri haujulikani, maana paka huyo aliokotwa. Meno husaidia sana hapo. Meno ya mbele ya utotoni huanza kubadilishwa karibu na miezi mitatu na nusu hadi minne, na meno ya kudumu huwa yametimia karibu na miezi sita au saba. Kwa hiyo paka ambaye meno madogo ya mbele yamebadilika lakini machonge bado ni yale membamba ya utotoni yuko ndani ya umri ninaoutetea. Uzito nao hutoa mwanga, kwani paka aliyelishwa vizuri huongeza takriban nusu kilo kwa mwezi katika miezi ya mwanzo, ila kwa aliyeshinda na njaa kipimo hiki hudanganya na meno ndiyo ya kuaminiwa.

Na kwa yule ambaye paka wake amekwisha kupita umri huo, mlango haujafungwa. Akiwa katika joto anaweza kufanyiwa upasuaji, ingawa mishipa huwa imejaa damu na madaktari wengine hupendelea kungoja ipoe. Katika kungoja huko, dirisha moja lililoachwa wazi usiku linatosha kuharibu mpango. Akiwa na mimba changa, daktari ataeleza linalowezekana na mwenye paka ataamua. Akiwa amekwisha kuzaa, aachwe anyonyeshe hadi watoto waachishwe, kisha zipite kama wiki mbili ili maziwa yakauke, na katika kipindi chote hicho asitolewe nje hata kwa dakika chache. Watoto wake wa kike watakuwa wanakaribia wiki kumi siku atakapopelekwa mezani, na mfugaji anaweza siku hiyohiyo kuomba nafasi yao ya miezi miwili ijayo.

Wako,
Msomaji na mfugaji wa paka